Gemu Iliyomrudishia Mchezaji Kalamu

Je, wajua kuna gemu ambayo wapiganaji wako wote wakiuawa, hukuuliza kama ungependa kuhifadhi ramani? Dhahabu imekwenda, nguvu ulizochuma tangu ulipohifadhi mara ya mwisho zimekwenda, lakini mistari uliyoichora kwa mkono wako unaruhusiwa kubaki nayo.

Ni Etrian Odyssey ya kampuni ya Atlus, iliyotoka Japani Januari 2007 kwa ajili ya Nintendo DS, kile kimashine cha mkononi kinachofunguka kama kitabu. Skrini ya juu inakuonyesha msitu ulio chini ya ardhi, nawe unasonga ndani yake mraba mmoja mmoja. Skrini ya chini ni karatasi ya grafu. Mashine inaweza kukupakia rangi sakafu uliyokwisha kuikanyaga, basi. Ukuta, mlango, ngazi na mtego utavichora mwenyewe kwa kalamu ya plastiki, na ukikosea mstari, wa kulaumiwa unamjua.

Asili ya uchoraji huo ni gemu ya Wizardry, ambayo Wamarekani wawili, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, waliitoa mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II. Handaki lake lilikuwa na ngazi 10, kila moja miraba 20 kwa 20, na mchezaji aliketi na penseli na karatasi kando ya kompyuta. Watungaji walilijua hilo. Ndiyo maana mitego yao mibaya zaidi haikulenga mwili wa mpiganaji bali karatasi ya mchezaji. Kulikuwa na sakafu iliyokugeuza bila kukuambia: unaendelea kuchora kuelekea kaskazini, kumbe unakwenda mashariki, na unapokuja kushtuka nusu ya ukurasa ni uongo mtupu. Kulikuwa na sehemu za giza totoro, na miraba iliyokurusha mahali pengine kabisa. Dawa mojawapo ilikuwa uganga uliokutajia namba za mraba uliosimama. Kwa maoni yangu hakuna adui wa gemu aliyewahi kuwa mjanja kuliko ile sakafu.

Wizardry ilipendwa sana Japani, na mtunzi wa gemu Yuji Horii alichota humo alipotunga gemu ya Dragon Quest ya mwaka 1986. Kadiri miaka ilivyopita, mashine zikaanza kujichorea ramani zenyewe na penseli zikarudi mkobani. Timu ya Atlus, ikiongozwa na Kazuya Niinou, iliitazama skrini ya pili ya DS ikaona karatasi.

Na ramani hiyo si pambo. Wanyama wakali waitwao F.O.E. huonekana juu yake, na kila unapopiga hatua, nao hupiga. Wewe na wenzako wanne mliotoka mjini jana hamuwawezi. Unahesabu miraba, unasubiri dume la kulungu lipinde kona, unapenya nyuma yake. Mapigano yanageuka kuwa bao: kete zote ziko mbele ya macho, asiyehesabu analiwa.

Hata muziki ulirudi nyuma. Yuzo Koshiro aliutunga kwa sauti za PC-8801, kompyuta ya Kijapani ya miaka ya 1980.

Shida ilikuja pale mashine za skrini mbili zilipoachwa. Mwaka 2023 gemu tatu za kwanza za mfululizo wa Etrian Odyssey zilitolewa upya kwa Nintendo Switch na kompyuta, na ramani ikabidi ibanwe pembeni mwa skrini ileile yenye msitu. Inachezeka, tena picha zimekuwa safi zaidi. Ila ile karatasi iliyokuwa imelala chini ya mkono, ukiishika kalamu kama mwanafunzi kwenye kipindi cha hesabu, haikuweza kusafiri.