Kibarua, Mkimbizi na Mtu: Haki za Kijamii za Wageni katika Pwani ya Lindi

Makala haya yanachunguza namna jina analopewa mgeni linavyoamua wajibu wa dola kwake. Kabla ya uhuru, watu wengi wa Msumbiji, hususan Wamakonde na Wamakua, walivuka mto Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi. Hao waliitwa vibarua au manamba, na shida zao zilihesabiwa kuwa shauri la mwajiri. Vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji mwezi Septemba 1964, watu wa makabila yale yale, waliovuka mto ule ule, waliitwa wakimbizi.

Jina hilo jipya lilikuwa na uzito wa kisheria. Mwaka 1964 Tanzania ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao kifungu chake cha 22 kinataka mtoto wa mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Katika makazi ya Rutamba, wilayani Lindi, wakimbizi waligawiwa ardhi ili wajilimie chakula chao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa dola ilitimiza methali hiyo kwa vitendo. Hata hivyo, methali haisemi lolote kuhusu mgeni anayetaka kuliacha jembe na kutafuta kazi mjini. Sheria ya mwaka 1965 ilisema: iliitwa Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi, nayo ilimpa waziri mamlaka ya kuwaamuru wakae katika maeneo maalumu. Kwa maoni yetu, neno "kudhibiti" linaeleza fikra za wakati ule vizuri kuliko hotuba nyingi za ukarimu. Shule na zahanati zilionekana kuwa fadhila. Sheria ya Wakimbizi ya 1998, iliyochukua nafasi ya ile ya 1965, ndiyo iliyotamka elimu ya msingi kuwa haki ya mtoto mkimbizi. Lakini nayo iliendeleza utaratibu wa vibali vya kutoka makambini na vya kufanya kazi.

Katiba ya 1977 yenyewe ina lugha pana zaidi. Ibara ya 22 inampa "kila mtu" haki ya kufanya kazi, ilhali inapofikia nafasi zilizo chini ya mamlaka ya nchi inasema "kila raia". Waandishi wake walijua kutofautisha maneno hayo mawili, na sheria iliyo chini ya Katiba haikupaswa kuyachanganya.

Wengi wa wakimbizi hao walirejea kwao baada ya uhuru wa Msumbiji, 1975. Wamakonde waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya pwani ya Kenya, ambao hawakuwa na jina la ukimbizi, waliishi humo kwa vizazi bila vitambulisho hadi serikali ilipowatambua kuwa raia mwaka 2016.

Mapigano yaliyozuka Cabo Delgado mwaka 2017 yaliwaleta tena watu Ruvuma. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kuwa maelfu yao walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Hao hawakuandikishwa kuwa wakimbizi, na kwa hiyo swali la shule na kazi halikupata hata kuulizwa.