Peni 5 zilivyofanya kazi ya mahubiri

Muulizeni mtu yeyote hapa Uingereza kama anapenda kununua bidhaa zisizoharibu mazingira. Atajibu ndiyo bila ya kusita. Kisha mfuateni dukani muangalie anachotia kapuni. Hapo maneno na vitendo huachana njia, na sisi wenyewe hatujitoi.

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba mifuko ya plastiki inaziba mitaro na kuua viumbe wa baharini. Tukasikia, tukasikitika, kisha tukaendelea kuichukua kwa kuwa ilikuwa ya bure. Mwaka 2014 maduka makubwa saba ya England yalitoa mifuko bilioni 7.6. Wakati huo Wales, Ireland ya Kaskazini na Scotland tayari zilikuwa zimeanza kuutoza kila mfuko peni 5. England ikafuata Oktoba 2015, na mwaka 2021 ikapandisha hadi peni 10. Kwa takwimu za serikali, mifuko hiyo katika maduka makubwa ya England imepungua kwa zaidi ya asilimia 95.

Peni 5 ni kitu gani? Hata hivyo utamwona mtu mwenye gari la maana anatoka dukani maziwa kwapani, mayai mkononi, mkate ameushika kwa kidevu, ili mradi asilipie mfuko. Kinachomuuma si zile peni. Ni kule kuulizwa na keshia, watu wa foleni wakisikia: "Unataka mfuko?" Zamani aliyekuja na mfuko wake ndiye aliyeonekana wa ajabu, sasa ni yule asiye nao.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta jambo kama hilo hotelini. Wageni walioambiwa kuwa wageni wengi wenzao hutumia taulo zaidi ya mara moja walifuata kuliko wale walioombwa tu wayahurumie mazingira. Binadamu humtazama jirani kwanza.

Huko nyumbani njia ilikuwa nyingine. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Rambo zikaondoka kwa sheria, mnunuzi hakuulizwa anapenda nini. Lakini si kila kitu kinaweza kuondolewa hivyo. Chukueni mkaa. Mama wa Dar es Salaam anayenunua mkaa wa kopo kila jioni anajua vizuri kuwa gesi haina moshi kama ule, na pengine ukijumlisha mwezi mzima mkaa ndio unaommaliza. Kinachomshinda ni kupata fedha za mtungi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mitungi yenye mita, inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, ilipokuja Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa na maana kuliko mabango mengi. Kwa hiyo tunapowasikia wataalamu wakisema watu wetu hawana elimu ya mazingira, hukereka. Elimu wanayo. Na sisi tulioko nje tunaotuma fedha za matumizi kila mwezi tungeweza mara moja tu kutuma za jiko na mtungi.

Tusijisifu mno, lakini. Mfuko wa kitambaa nao umelimwa pamba, ukafumwa, ukasafirishwa. Ripoti ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza ya mwaka 2011 ilihesabu kuwa, kwa upande wa hewa inayoongeza joto duniani, mfuko wa pamba unatakiwa utumike mara 131 ndipo ulingane na ule mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu imetundikwa mifuko ya namna hiyo 14. Kila mmoja ulinunuliwa siku tuliyosahau mwingine nyumbani.