Mtoto Mwenye Haya Mbele ya Daktari

Maumivu ya ghafla ya korodani kwa mvulana ni dharura. Korodani inapojisokota, mishipa inayoipelekea damu hubanwa, na nafasi ya kuiokoa ni kubwa zaidi iwapo upasuaji utafanyika ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu yaanze. Baada ya hapo nafasi hiyo hupungua saa baada ya saa, na siku nzima ikipita mara nyingi hulazimu kuiondoa. Hali hii huwapata zaidi wavulana walio katika balehe, yaani wale wale wasiotaka kumtajia mama, baba wala tabibu mahali panapouma. Mvulana wa miaka 13 anayeamshwa na maumivu hayo saa tisa usiku atasema tumbo linamuuma. Atapewa dawa ya kutuliza maumivu na kuambiwa alale. Asubuhi, akiwa anatapika, atapelekwa zahanati na kupimwa malaria. Hakuna aliyefanya uzembe katika safari hiyo yote. Kuna neno moja tu ambalo halikutamkwa.

Tumbo ni kimbilio la watoto wengi. Msichana anayewashwa ukeni husema tumbo. Mtoto aliyefunga choo kwa wiki nzima, na ambaye sasa anachafua nguo bila kukusudia, naye husema tumbo. Kwa sababu hiyo, mhudumu anayempokea mtoto wa umri wa shule mwenye maumivu ya chini ya kitovu hana budi kuuliza pia habari za mkojo, choo na sehemu za siri. Kwa mvulana, uchunguzi wa tumbo haujakamilika mpaka korodani zimetazamwa.

Kiswahili kinatofautisha haya na aibu, na tofauti hiyo inafaa kukumbukwa katika chumba cha uchunguzi. Haya ni sifa: mtoto amefundishwa tangu akiwa mdogo kujifunika, kutojivua mbele ya watu na kutotaja viungo fulani hadharani. Kuanzia umri wa miaka 5 au 6 hivi mafunzo hayo huwa yamekwisha kumkaa moyoni, na balehe huyatia nguvu zaidi. Kisha siku moja watu wazima wale wale waliomfundisha wanamtaka avue nguo mbele ya mgeni, tena upesi, kwa kuwa foleni ni ndefu. Anapokunyata na kushika kiuno cha suruali yake, mtoto huyo si mkaidi, anatii alichofundishwa. Aibu huja pale anapokaripiwa kwa utii huo, au anapoitwa kikojozi mbele ya ndugu zake.

Hasara ya ukimya huo huonekana wazi katika kichocho cha mkojo, ugonjwa unaofahamika vyema katika visiwa vya Unguja na Pemba na katika vijiji vya Kanda ya Ziwa ambako watoto huoga na kuchota maji kwenye madimbwi na malambo. Dalili yake kuu ni damu katika mkojo, hasa matone ya mwisho. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa mkupuo mmoja kulingana na uzito au urefu wa mtoto. Hata hivyo, mvulana anaweza kuuona mkojo wake ukiwa mwekundu na akanyamaza kwa miezi. Kwa msichana mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo huweza kukwama ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta uchafu, muwasho na damu. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya ngono. Msichana wa miaka 12 anayejitahidi kueleza jambo hilo, kisha akaulizwa kwa sauti ya ukali kama ameanza wanaume, hatarudi tena kueleza, ilhali kichocho kisipotibiwa huweza kumletea ugumba ukubwani. Swali la kwanza kwake lingekuwa anaoga na kuchota maji wapi.

Maandalizi huanzia nyumbani. Mtoto mdogo aelezwe asubuhi ya siku hiyo hiyo. Mkubwa aelezwe siku moja au mbili kabla, apate nafasi ya kuuliza. Aambiwe kwa maneno mepesi nani atamwona, atatazamwa wapi na kwa nini. Wazazi wengi husitasita kutaja majina ya viungo, na mtoto huachwa na maneno ya mafumbo ambayo tabibu aliyetoka mkoa mwingine huenda asiyaelewe. Inatosha mtoto ajue maneno mawili matatu yanayoeleweka na kila mtu, na ajue kwamba kuyasema mbele ya daktari si utovu wa adabu. Asidanganywe kuhusu sindano. Mzazi asiyejua kama itakuwepo aseme hajui. Ile desturi ya kumtishia mtoto mtundu kwamba atapelekwa kwa daktari akachomwe sindano hugharimu sana siku anapougua kweli.

Mambo madogo yana uzito wake. Blauzi na sketi ni bora kuliko gauni, kwa kuwa tumbo linaweza kutazamwa bila kuvua kila kitu. Kanga ya mama ikiwekwa kwenye mkoba hutosha kumfunika mtoto mahali pasipo na shuka. Mtoto anayejua kuandika anaweza kuandika tatizo lake kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi tabibu mkononi. Wapo wasioweza kutamka jambo ambalo wanaliandika bila shida. Tena si lazima msindikizaji awe mama au baba. Katika familia nyingi mjukuu humwambia bibi au babu yale asiyoweza kuwaambia wazazi wake, kwa sababu kati yao kuna utani, na shangazi au mjomba naye huweza kufaa. Mtoto aulizwe anataka kwenda na nani.

Chumbani, mazungumzo yaanze na mtoto mwenyewe. Akisema shikamoo, aitikiwe kwa kutazamwa usoni, aulizwe jina lake na kinachomsumbua kabla mzazi hajaulizwa. Mlango ufungwe. Vyumba vingi vya zahanati hutumiwa na watabibu wawili huku wagonjwa wakichungulia mlangoni. Mahali pa namna hiyo, pazia au hata kabati lililogeuzwa likakinga kitanda husaidia. Mtoto afunue nguo mwenyewe, sehemu moja kwa wakati mmoja, na sehemu iliyokwisha kutazamwa ifunikwe kabla ya nyingine kufunuliwa. Aambiwe anachofanyiwa kabla mkono haujamgusa, na aambiwe pia kwamba akiinua mkono wake, uchunguzi utasimama. Sehemu za siri zitazamwe mtu wa tatu akiwepo, mtu ambaye mtoto amemkubali. Katika hospitali za kufundishia, wanafunzi waombewe ruhusa kwa mtoto na kwa mzazi kabla ya kuingia, si wakiwa tayari wamezunguka kitanda. Ipo pia ile kauli ya kumtuliza mtoto kwamba daktari ameshaona wengi. Husemwa kwa nia njema, lakini haimsaidii: kinachomsumbua si uzoefu wa daktari, ni kwamba yeye ndiye anayetazamwa.

Mtoto aliyebalehe apewe dakika chache peke yake na mhudumu. Aelezwe waziwazi kwamba atakayoyasema hayatasimuliwa kwa watu, isipokuwa pale usalama wake utakapokuwa hatarini. Mzazi anayetolewa nje huweza kuhisi amevunjiwa heshima, kwa hiyo aelezwe mapema kwamba huo ni utaratibu kwa vijana wote. Yeye naye ana wajibu wake: habari za mkojo wa mwanawe zisifike kisimani.

Kuna ukimya ambao si haya. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akabadilika ghafla, anayeshtuka akiguswa, anayemwogopa mtu mmoja mahususi, au mwenye majeraha ambayo maelezo yake hayaoani nayo, huenda amefanyiwa ukatili. Asilazimishwe kufunuliwa wala kuhojiwa na kila anayepita. Asikilizwe na mtu mmoja, bila yule anayemwogopa kuwepo, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Zipo njia za kufuata: ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, Vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, na namba ya simu 116. Ikiwa ameingiliwa, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, bila kupita saa 72.

Zaidi ya hapo, swali ambalo mhudumu hujiuliza mtoto akikataa kuchunguzwa ni kama jambo linaweza kusubiri. Kukojoa kitandani kunaweza kusubiri. Huhesabiwa kuwa jambo la kawaida mpaka mtoto afikishe miaka 5, na hata baada ya hapo mazungumzo kuhusu unywaji wa maji, choo kigumu na usingizi hutangulia uchunguzi wa mwili. Kichocho kinaweza kuanza kuchunguzwa kwa mkojo uliokingwa chooni, mtoto akiwa peke yake, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai huwa mengi zaidi. Mtoto wa namna hiyo apangiwe siku ya kurudi, iandikwe kwenye kadi yake, na ikiwezekana amkute mhudumu yule yule. Korodani inayouma ghafla haisubiri. Hapo mvulana aambiwe ukweli wote kwa sauti ya upole, achague nani abaki chumbani, atazamwe, na rufaa ya upasuaji iandikwe papo hapo.