Kioo Kipya, Buto Imekufa: Nani Atalipa?

Hapa kwetu Kolwezi kioo cha telefoni kinavunjika kila siku. Mama wa Manika anapeleka yake kwa fundi wa barabarani, kioo kinageuzwa, pesa inalipwa. Akifika nyumbani anafinya buto ya kuwasha: kimya! Na ndani ya ile telefoni mna pesa ya chakula, mna na sauti ya baba aliye kambini ya mine kwa majuma mawili.

Kesho yake ni kelele. "Fundi, nilikuletea buto inatumika!" "Hapana mama, ile ilikuwaka ya kufa tangu zamani." Mara nyingine wote wawili ni wa kanisa moja, na neno linafika mpaka kwa wazee.

Mbele ya kugombana, tujue ile buto ni kitu gani. Ile tunayogusa ni kipande cha plastiki tu. Nyuma yake kuna kidude cha chuma chenye kubonyea, kimeshikwa ku utepe mwembamba kama karatasi, unaopeleka habari mpaka ndani. Kwa aina nyingi za telefoni, kioo hakitoki bila mkono wa fundi kupita karibu na utepe huo.

Basi ondoa kwanza kava, maana kava yenyewe inaweza kufinya buto. Kisha finya, usikilize. Ukisikia "tik" lakini telefoni haijibu, pengine utepe haukurudishwa vizuri, ao umepasuka. Usiposikia kitu, plastiki imehama, ao gundi imeingia, ao chuma cha pembeni kilipinda siku telefoni ilipoanguka. Na kwa hilo la mwisho fundi hana kosa. Telefoni inayojizima na kujiwasha yenyewe, mara nyingi buto yake iko inafinywa bila kuachiliwa.

Mara nyingi hakuna lazima ya kununua buto mpya. Fundi anafungua, anarudisha utepe, anapangusa gundi na alkoli kidogo (si esansi!), anafunga. Vijana, msijaribu na kisu nyumbani: batri iko karibu, na ikitobolewa inawaka moto. Kobalti yake pengine ilitoka ku udongo wetu, lakini haitatuhurumia.

Wenye iPhone za buto inayosoma kidole, tangu 5s ya mwaka 2013, wajue kwamba buto ile imefungwa na telefoni yake kama bwana na bibi. Fundi anapaswa kuhamisha ile ya kwanza ku kioo kipya. Akiikata, ingine haitasoma kidole. Mwaka 2016 telefoni zingine zilizogeuzwa buto zilikufa kabisa kisha kupokea programu mpya, zikaonyesha kosa namba 53, mpaka Apple ikaomba radhi na kutoa dawa.

Juu ya malipo, someni Kutoka sura ya 22, juu ya mali iliyo mikononi mwa jirani. Inatofautisha mwenye mali akiwapo na asipokuwapo. Basi mama, simama pale. Finyeni buto zote pamoja mbele ya kufungua, na tena mbele ya kulipa. Fundi naye aandike ku karatasi ile aliyoikuta imekufa.

Na wewe unayengoja fundi afungue tena: chomeka telefoni ku umeme, mara nyingi kioo kitawaka bila buto. Usiache batri iishe, sababu kuiwasha tena kutakuwa kazi.