Mbona Nikifunga Siendi Msalani?



Ramadhani iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mbona nikifunga siendi msalani sana, na mkojo unakuwa wa njano kabisa?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana kazini kwangu tunawauliza wagonjwa habari za mkojo kila siku. Leo namjibu.

Chini ya ubongo, nyuma ya macho, kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Humo mna seli za neva zinazotengeneza homoni iitwayo vasopresini. Seli hizo zina mikia mirefu inayoshuka hadi kwenye tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Seli ikipiga mpigo wa umeme, mkia wake unamwaga vasopresini kwenye damu. Homoni ikifika kwenye figo, figo zinarudisha maji mwilini badala ya kuyatoa. Ndiyo maana mkojo unapungua na rangi inakolea.

Umeme huo unatoka wapi? Unatokana na madini. Potasiamu, ile iliyomo kwenye ndizi na viazi, imejaa ndani ya seli, kama mara 30 kuliko nje. Sodiamu, ile ya chumvi ya mezani, imejaa nje. Utando wa seli una milango midogo sana. Milango ya sodiamu ikifunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo: huo ndio mpigo. Kisha milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, na seli inatulia. Darasani tuliigiza hivyo: kundi la sodiamu likaingia mbio kwa mlango mmoja, kundi la potasiamu likatokea mwingine. Kelele zilikuwa nyingi, lakini walielewa.

Seli hizi zinajuaje kwamba tuna kiu? Huko Montreal, katika Chuo Kikuu cha McGill, Charles Bourque na wenzake wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Damu ikizidi chumvi, maji yanatoka ndani ya seli na seli inasinyaa. Kusinyaa huko kunafungua milango inayoichochea seli ipige zaidi.

Sasa, ingepiga bila kukoma ingekuwaje? Hapa ndipo potasiamu inapofanya kazi kubwa. Kila mpigo unaingiza kalisi kidogo ndani ya seli. Kalisi ikirundikana, inafungua milango mingine ya potasiamu, nayo inakuwa kama breki. Watafiti waliochunguza panya wenye kiu walikuta seli hizi zinapiga mfululizo kwa makumi ya sekunde, zinanyamaza, kisha zinaanza tena. Kunyamaza huko si uvivu. Mkia usiopumzika unachoka, na kila mpigo unatoa homoni kidogo zaidi. Ukipumzika, unapata nguvu tena.

Lakini homoni inaokoa maji yaliyomo tu, haileti mengine. Hilo nililijua kazini, nikalisahau nyumbani. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga wakati wa baridi. Kila nikimpa maji alisema, "Mwanangu, baridi hii sina kiu." Siku moja akapata kizunguzungu jikoni, karibu aanguke. Ilikuwa upungufu wa maji, na mimi nesi ndani ya nyumba hiyohiyo! Mtu akizeeka, kiu hupungua, na figo haziokoi maji kama zamani. Tena hita zetu zinakausha hewa.

Kwa hiyo wazazi, tusingoje wazee waseme wana kiu. Wapeni maji kidogo kidogo mchana kutwa. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, mtu anahitaji kunywa. Akichanganyikiwa, akizimia, au akikaa saa nyingi bila kukojoa, mpelekeni kwa daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari wake kiasi cha maji na vyakula vya potasiamu kinachomfaa.

Maneno ya wiki
Figo: kiungo kinachochuja damu na kutengeneza mkojo.
Tezi: kiungo kinachotoa homoni au majimaji mengine mwilini.
Kusinyaa: kupungua na kujikunja kwa kukosa maji.

Kazi ya nyumbani: Mpigie simu bibi au babu. Muulize, "Shikamoo, umekunywa maji leo?" Andika sentensi tano kuhusu alivyokujibu.

Tuonane Jumamosi.