KAMATI YA KUUA WAZEE? UZUSHI MTUPU!

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni napiga stori na washikaji. Mmoja akaibuka: "Si ndiye Obama aliyetaka kuunda kamati ya kuamua wazee gani wafe?" Kijiwe kizima kikaitikia. Nilichoka! Uzushi wa Marekani wa mwaka 2009, hadi leo bado unatembea.

Haya, sikieni mambo yalivyokuwa. Mwaka ule Bunge la Marekani lilikuwa likijadili mabadiliko ya huduma za afya. Kwenye muswada mmoja kulikuwa na kifungu cha 1233. Kilitaka Medicare, bima ya serikali ambayo wengi wanaoitumia ni wazee wa miaka 65 na zaidi, imlipe daktari anayekaa na mgonjwa kuzungumza: ukizidiwa hata usiweze kusema, unataka mashine au hutaki? Nani akusemee? Basi, ni hayo tu. Anayetaka anakwenda, asiyetaka anakaa kwake.

Julai akatokea Betsy McCaughey, aliyewahi kuwa naibu gavana wa New York, akadai redioni kuwa eti mazungumzo hayo ni lazima. Agosti 7 Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska, akaandika kwenye Facebook juu ya "kamati ya kifo" ambayo ingewapima wazazi wake na mtoto wake mwenye ulemavu kama wanastahili matibabu. Weee! Moto ukawaka. Watu wakafurika kwenye mikutano ya wabunge wakipiga kelele.

PolitiFact, ambao kazi yao ni kuchunguza kauli za wanasiasa, wakautangaza kuwa uongo wa mwaka. Lakini wapi! Kifungu kilikuwa kimeshatiwa doa. Sheria aliyosaini Obama Machi 23, 2010 haikuwa nacho. Medicare ilikuja kuanza kuwalipa madaktari kwa mazungumzo hayo Januari 2016.

Washikaji walicheka, mimi sikucheka. Bibi yangu alipozidiwa, baba na shangazi waligombana pale pale nje ya wodi. Huyu anataka arudishwe nyumbani, yule anataka abaki hospitali. Bibi mwenyewe kauli imeshakata. Alipokuwa mzima hakuna aliyethubutu kumuuliza, maana kwetu ukiuliza mambo hayo unaambiwa unachuria. Tulimzika baba na shangazi hawaangaliani usoni.

Ndiyo maana uzushi ule ulishika. Kifo kinatutisha wote, Mmarekani na Mswahili, na mwenye hofu haulizi ushahidi.

Juzi nilijikaza nikamuuliza mama. Akanikazia macho: "Unanichuria, mwanangu?" Akakaa kimya, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema taratibu, "Dawa zikishindwa, nirudisheni kwangu. Nataka nisikie sauti zenu."

Sasa najua. Wewe je, wa kwako umemuuliza?