Kaswende kwa Wajawazito: Tone la Damu, Majibu Siku Hiyo Hiyo

Mama mjamzito anaweza kuwa na kaswende bila kujua. Kidonda cha kwanza huwa hakiumi, hupona chenyewe, na mara nyingi hakionekani kwa kuwa kiko ndani ya uke. Hata hivyo, viini husalia mwilini na vinaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa amefariki, kabla ya wakati, au akiwa na ugonjwa huo.

Zamani, damu ilitolewa mkononi na kupimwa kwenye maabara yenye umeme na mtaalamu. Zahanati nyingi za mashinani hazikuwa na maabara. Mama aliyetembea kilomita kadhaa aliambiwa arudi siku nyingine kuchukua majibu, na wengine hawakurudi.

Kipimo cha haraka kimeondoa safari hiyo. Mhudumu hudunga ncha ya kidole, huweka tone la damu kwenye kifaa kidogo, na husoma majibu baada ya takriban dakika 15 hadi 20. Hakuna mashine inayohitajika. Tangu mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kipimo kinachoangalia HIV na kaswende kwa pamoja katika kliniki za wajawazito.

Je, ukipatikana nayo? Kaswende inatibika. Dawa ni sindano ya penisilini, ambayo humtibu mama na mtoto aliye tumboni. Mhudumu ataamua kama utadungwa mara moja au mara tatu, kila wiki sindano moja. Mweleze ikiwa penisilini imewahi kukudhuru. Matibabu yanafaa kuanza angalau siku 30 kabla ya kujifungua; ndiyo maana tunawahimiza akina mama waanze kliniki kabla ya wiki ya 12.

Ikiwa uliwahi kutibiwa kaswende, sema, kwani kipimo hiki kinaweza kuonyesha ugonjwa hata baada ya kupona.

Kwa akina baba: kipimo hakisemi ugonjwa uliingia lini wala ulitoka kwa nani. Badala ya kulaumiana, andamana na mkeo mtibiwe nyote, la sivyo ataambukizwa tena.

Beba kijitabu cha mama na mtoto, fika katika zahanati iliyo karibu nawe, na uulize: "Je, nimepimwa kaswende?"